Mkutubi anajibu: Mama asome saa ngapi?

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Segerea na nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja Posta. Napenda mno riwaya, tangu niko sekondari. Siku hizi naamka saa kumi na nusu alfajiri, narudi nyumbani saa moja na nusu usiku, na nafasi ya kusoma naipata saa nne, wote wakishalala. Najifunika shuka nasoma kwenye simu mpaka saa sita ili mwanga usimsumbue baba watoto. Kazini nasinzia. Mama mkwe, ambaye ana miaka sabini na kitu na yuko kwetu kwa matibabu, Jumamosi alinikuta jikoni na kitabu. Akasema mama mwenye nyumba hashiki kitabu wakati chungu kiko motoni, hayo ni mambo ya kuiga. Kinachoniumiza zaidi ni watoto. Binti yangu wa miaka 11 anasoma kwa ajili ya mtihani tu. Mdogo wake wa miaka 7 anasoma maneno vizuri lakini hana raha nayo. Wa miaka 3 anachana. Wote wanataka simu na katuni. Vitabu vyangu vya zamani viko kwenye sanduku chini ya kitanda na vimeanza kuota koga. Je, niache kusoma kwanza mpaka wakue? Na nifanyeje ili nao wapende vitabu?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Mtu aliyependa riwaya tangu sekondari, akizisusa miaka kumi akisubiri kitinda mimba akue, mara nyingi hazirudii tena, na nyumba inakuwa imempoteza msomaji wake pekee. Ila namna unavyosoma sasa nakuomba uibadilishe.

Katika maelezo yako kuna jambo ambalo pengine hukulikusudia kulisema: watoto wako ni kama hawajawahi kukuona ukisoma. Unaanza wakishalala, umejifunika shuka, na vitabu vyenyewe viko sandukuni. Binti yako ana miaka 11. Anajua mama anapika, anajua mama anakwenda kazini, anajua mama anapiga hesabu za ada. Hajui kama mama anapenda riwaya. Hata akiamka saa tano usiku kwenda chooni akachungulia, atakachokiona ni mama na simu, ileile anayokatazwa yeye. Atajuaje kwamba ndani ya mwanga ule kuna hadithi inayokunyima usingizi?

Sehemu kubwa ya kazi yangu ya ukutubi nimeifanya kwenye chumba cha watoto. Wazazi wengi huja na mtoto, wakamketisha mezani, wakasema "msaidieni huyu apende kusoma," kisha wakatoka nje kusubiri. Mtoto naye hushinda akiangalia mlango. Ila yupo mzazi wa namna nyingine, anayevuta kiti, akafungua kitabu chake mwenyewe, cha kikubwa, akazama. Mtoto wa mzazi huyo haulizi tunaondoka saa ngapi. Sijapata kuona mawaidha yanayoweza kufanya kazi ile. Mtoto wa Dar anajifunza kukuna nazi, kubishana na konda na kuchagua nyanya gengeni kwa kuwatazama wakubwa wake, na kusoma kwa raha anakupata kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: soma waziwazi, mbele yao, saa ambayo wote wako macho. Mengine yote nitakayoyasema ni namna ya kulifikia hilo.

Tuanze na usingizi. Kulala saa sita na kuamka saa kumi na nusu ni saa nne na nusu tu, na mwili wa mtu mzima unadai saa saba au zaidi. Hapo hata kama ungekuwa husomi kitu ungesinzia kazini. Siku za kazi, saa nne ikifika lala. Muda unaoukosa hapo upo kwingine, na sehemu yake kubwa iko barabarani.

Kutoka Segerea mpaka Posta, na foleni ya Buguruni ilivyo, unakaa garini muda mrefu kuliko unaokaa chini ya shuka na simu. Asubuhi wewe unapandia karibu na gari linapoanzia, kiti unaweza kukipata. Jioni ndiyo kazi. Kama mfuko unaruhusu siku mojamoja, geuza na gari, yaani lipande likiwa bado linakwenda mwisho wa njia, ugeuke nalo: utalipa nauli mara mbili, lakini utakaa, na kurasa ishirini zitakwisha kabla hujavuka Buguruni. Humo beba kitabu cha karatasi. Simu mkononi kwenye foleni, dirisha likiwa wazi, ni chambo cha vibaka, na sijasikia bado aliyeporwa riwaya. Ukiwa umesimama umeshika bomba, pumzisha macho, usijitese.

Nyumbani tafuta dakika 20 tu kwa jioni, ambazo kila mtu ana kitu cha kusoma mkononi. Usianze na saa nzima, utashindwa wiki ya kwanza. Wakati mzuri ni baada ya kula. Kama taarifa ya habari ya saa mbili haikosekani kwenu, subirini iishe, kisha televisheni izimwe na simu zote, yako ikiwemo, ziwekwe juu ya kabati. Tandika mkeka sebuleni. Halafu ufanye lile ambalo akina mama wengi hulishindwa: usiwasimamie. Usiulize nani kafika ukurasa wa ngapi. Soma kitabu chako. Ukicheka, cheka kwa sauti, na wakiuliza unacheka nini, wasomee mistari hiyo miwili mitatu. Siku umeme ukikatika, usiahirishe. Washa taa ya chaji, mmoja asome kwa sauti wengine wasikilize. Usiku wa giza ndio hadithi hunoga.

Baba watoto naye aingie. Huenda yeye si wa riwaya, basi ashike gazeti. Kurasa za michezo ni kusoma vilevile, na mvulana wa miaka 7 akimwona baba yake akisoma habari za Simba na Yanga kwa makini, tayari amepata somo. Mweleze wazi kwamba mwanga wa usiku umekoma, na wewe unaomba dakika 20 za jioni. Sioni mume mwenye mapenzi atakayekataa mapatano hayo.

Kuna mtu hukumtaja. Unaondoka alfajiri na kurudi usiku, basi yupo anayeshinda na huyo wa miaka 3. Kama ni dada wa kazi, naye apewe nafasi kwenye mkeka, na kitabu chake. Wengi wa mabinti hawa waliishia darasa la saba na tangu siku hiyo hakuna aliyewapa kitu cha kusoma. Nakusihi kwa moyo wote usimwache akiosha vyombo wakati ninyi mnasoma. Vyombo vitaoshwa baadaye, na mtasaidiana. Yeye ndiye anayeongea na mtoto wako mchana kutwa. Akipata hadithi mpya, mtoto amezipata. Tena yeye ana haki ya raha hiyo kwa nafsi yake, hata kama mtoto asingekuwepo.

Sasa watoto, mmojammoja.

Huyo wa miaka 7 ndiye wa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu Kiswahili kinaweza kumficha. Maandishi yetu yanatamkwa kama yalivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishashika silabi, ba be bi bo bu, anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwekea. Mzazi anafurahi: mwanangu anajua kusoma. Lakini kutamka ni nusu ya safari. Mpe sentensi hii: "Mama alimpikia bibi uji, kaka akaunywa." Ataisoma bila kukosea. Muulize uji alipikiwa nani na ulinywewa na nani. Akikodoa macho, ujue maneno yalipita mdomoni tu. Neno letu moja hubeba mambo mengi. Ndani ya "alimpikia" yumo aliyepika, yumo aliyepikiwa na umo wakati wenyewe. Mtoto anayesoma silabi moja moja, polepole, anafika mwisho wa neno ameshasahau mwanzo wake. Ndiyo maana hana raha, kazi ni nzito na malipo hayaoni.

Dawa yake ni kusoma naye kwa zamu. Wewe sentensi mbili, yeye moja, kidole kikipita chini ya maneno. Hadithi ileile irudiwe hata mara tano, mpaka aisome kama anaongea. Kisha afunge kitabu amsimulie bibi yake. Usimsahihishe kila neno. Akikosea neno lisilobadili maana, mwache aende. Dakika 10 zinatosha, na zikatike wakati bado anataka. Hapa ndipo utamwona akibadilika mapema kuliko wenzake wote.

Binti wa miaka 11 ana tatizo jingine. Tangu darasa la kwanza, kila hadithi aliyoisoma ilifuatwa na maswali: umejifunza nini, taja wahusika, toa methali inayofaa. Kwake hadithi ni mtihani uliovaa nguo nyingine. Mwondolee maswali kabisa. Achague mwenyewe, na ajizuie mama kukunja uso: akitaka vibonzo, sawa, na akitaka hadithi ya upelelezi, sawa pia. Kitabu kikimchosha akiache katikati, kama wewe unavyoacha. Kisha fanya jambo moja ambalo mabinti wa umri huo hulipenda, soma kitabu anachosoma yeye. Mkipishana kuhusu mhusika fulani, kwamba alikuwa na haki au hakuwa nayo, bishaneni kweli, kama unavyobishana na shoga yako kuhusu tamthilia. Anaingia umri ambao mambo mengi hatakuambia uso kwa uso. Kupitia watu wa kwenye kitabu atakuambia mengi.

Wazazi wenye watoto kwenye shule za Kiingereza huniuliza kama vitabu vya Kiswahili nyumbani vitamwangusha mtoto. Haviwezi. Uwezo wa kufuata hadithi ndefu, kukisia kitakachotokea na kushika nani kafanya nini, mtoto akiupata katika lugha anayoiota, anahama nao kwenda lugha yoyote. Asome zote mbili, na ile ya raha iwe ya nyumbani.

Wa miaka 3 mwache achane kidogo. Mpe magazeti ya zamani na kitabu kimoja chenye kurasa ngumu kiwe chake. Vya dada yake viwekwe juu. Usiku mpakate na umsomee, picha mbili tatu, basi.

Nije kwa mama mkwe, na hapa nakuomba subira na adabu. Usibishane naye. Mama aliyelea wakati hakuna gesi wala dada wa kazi ana sababu ya kuogopa chungu kuungua. Tena siku moja moja huungua kweli. Lakini kwamba mama na kitabu ni mambo ya kuiga, hilo si sahihi, na naamini ndani ya moyo wake analijua. Kwenye pwani yetu hii, huko Lamu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa wasia, na mpaka leo unasomwa. Alikuwa mama na alikuwa mgonjwa. Karibu zaidi na yeye, mama mkwe wako alikuwa binti wa miaka ishirini hivi mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakikaa vikundivikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Wanawake walikwenda kwenye kisomo, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, na watoto mgongoni. Muulize kwa upole siku mkiwa wawili: mama, wewe kisomo ulikihudhuria? Huenda ukasikia habari ambazo hata mwanawe hazijui. Muulize pia kama alikuwa akisikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, maana kuna wanaokikumbuka mpaka sauti.

Jambo la pili kuhusu mama mkwe ni macho. Kuanzia miaka ya arobaini hivi karibu kila mtu hupoteza uwezo wa kuona vizuri kitu cha karibu, na uwezo huo huzidi kupungua. Nimewaona watu wazima wengi wakisema vitabu vimewachosha, kumbe herufi zimefifia na hawataki kusema. Mradi yuko mjini kwa matibabu, ongeza safari moja ya kupimwa macho. Akipata miwani ya kusomea, Msahafu au Biblia yake itarudi mikononi mwake, na pengine na riwaya yako.

Na wala asingoje miwani. Mpe kiti cha mbele kwenye mkeka ule. Aanze na "Hadithi, hadithi!" na wajukuu waitikie "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Mtoto aliyezoea kusikiliza ngano ya sungura na fisi mpaka mwisho ameshajifunza hadithi inavyokaa, na akiikuta kwenye kitabu haimtishi. Akina bibi ndio walimu wa kwanza wa kusoma, hata wale wasiojua herufi. Ukimweka hapo atakuwa mwenyeji wa shughuli, hatakuwa tena mlinzi wa chungu.

Vitabu utavipata wapi bila kufilisika? Wewe una bahati ambayo wa Mbagala na Bunju hawana, unafanya kazi Posta. Maktaba Kuu ya Taifa iko hapohapo barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ina sehemu ya watoto na ada ya uanachama ni ndogo. Pita mwenyewe muda wa chakula cha mchana, kisha uje na binti yako siku ya mapumziko achague kwa mkono wake. Usimchagulie wewe hata kimoja siku hiyo. Kando ya mtaa wa Samora wapo wauza vitabu vya mitumba. Kabla hujatoa pesa, fungua mwisho wa kitabu kwanza, kisha katikati, maana kurasa zinazokosekana mara nyingi ni za huko. Humo vya Kiingereza ni vingi. Vya Kiswahili ingia duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa huohuo wa Samora. Kwa watoto, uliza vilivyotoka kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa sababu hiyohiyo, kwamba watoto wetu hawakuwa na vya kusoma kwa lugha yao. Na kama hakuna pesa kabisa mwezi huo, African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za Kiswahili za bure kwenye intaneti. Zichapishe ofisini kwa ruhusa au stesheneri, uzibane kwa pini, ziwe vitabu.

Mwisho, sanduku. Litoe chini ya kitanda wiki hii hii, usingoje masika. Koga inapenda unyevu, giza na hewa iliyotulia, na chini ya kitanda katika nyumba ya Dar vyote vitatu vipo. Kila kitabu kipanguse kwa brashi laini kikiwa kikavu, nje, na wewe ukiwa umefunga pua na mdomo. Usitumie kitambaa kibichi. Kisha vifungue visimame kama feni, kivulini penye upepo, saa chache. Jua kali la mchana hupindua majalada na kufifisha wino. Mtoto mwenye pumu akae mbali na kazi hiyo. Vilivyooza kabisa vitupe, vitaambukiza vingine. Vilivyopona visirudi sandukuni wala kwenye mfuko wa nailoni. Fundi wa mtaani akugongee rafu ya mbao sebuleni, iachane na ukuta kwa upana wa vidole viwili, maana ukuta wa saruji hutoa unyevu. Vitabu visibanane, hewa ipite. Majani makavu ya mwarobaini yakiwekwa nyuma yake husaidia kufukuza wadudu, ingawa koga hayaizuii. Ubao wa chini wape wadogo vitabu vyao, kwa urefu ambao wa miaka 3 anafika bila kuomba msaada. Vyako viwe ubao wa juu, binti yako aone majina ya vitabu alivyosoma mama yake. Akivuta kimoja kabla ya umri wake, mweleze kwa nini asubiri, na umtajie kingine cha kuanzia.